Kabla ya Kwaya Palikuwa na Vilima



Neno yubile limetutawala mwaka huu. Limeshonwa kwenye sare, limepakwa juu ya keki, na limeandikwa kwenye jalada la kijitabu hiki. Asili yake ni neno la Kiebrania la pembe ya kondoo dume. Katika Walawi sura ya 25, taifa la Israeli liliagizwa kupiga baragumu katika mwaka wa 50, na sauti ile iliposikika, watumwa waliachiliwa, shamba likapumzika, na kila jamaa ikarudi kwenye ardhi ya baba zake. Yubile, basi, ilianza na sauti, na wanakwaya tunafurahia hilo. Lakini sehemu kubwa ya sura ile inazungumzia ardhi.

Kwa sababu hiyo tumeona vyema kurasa hizi chache ziguse ardhi ambayo tumesimama juu yake tukiimba miaka hii yote. Historia ya kwaya yenyewe mtaisoma katika kurasa nyingine. Hapa tunaongea juu ya vilima vya Kisii na Nyamira, mji uliozaliwa katikati yake, na jinsi Injili ilivyofika. Baadhi ya mambo yatafurahisha. Mengine ni mazito, lakini ni yetu, na watoto wetu wa Shule ya Sabato na Shule ya Jumapili wana haki ya kuyajua.

Manga, mlima wa kimbilio

Mtu akisimama mjini Kisii, yuko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Akitazama upande wa kaskazini anaona ukuta mrefu wa mwamba na kijani. Huo ndio ukingo wa Manga, ambao leo uko Kaunti ya Nyamira. Siku ya anga safi, aliye juu ya Manga huona nyanda za chini hadi maji ya Ziwa Victoria.

Wazee wetu hawakuanzia hapa. Simulizi za Abagusii hutaja safari ndefu: kutoka upande wa Mlima Elgon, kushuka hadi Goye karibu na ziwa, kisha tambarare za Kano, kisha Kabianga upande wa Kericho. Kabianga palikuwa na baridi, mimea haikustawi na mifugo ilikufa, na wazee hulifasiri jina lenyewe kuwa ni vitu vilivyokataa. Kutoka huko walihama tena hadi milima hii, wakagawanyika katika makundi tunayoyajua: Kitutu, Nyaribari, Wanjare, Bobasi, Bomachoge na Mugirango mbili, ya Kaskazini na ya Kusini.

Milima ilikuwa na mvua ya kutosha karibu mwaka mzima, kwa sababu hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda, hupoa na kuanguka kama mvua ya alasiri. Ilikuwa pia rahisi kuilinda. Wakati wa vita na majirani, watu wa Kitutu walipanda Manga na mifugo yao. Vijana walilala katika ebisarate, kambi za kulinda ng'ombe, ili wawe tayari usiku na mchana. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Saosao, karibu na mto Charachani, Abagusii waliwashinda Wakipsigis, na pande zote mbili bado zinavisimulia. Leo tunauziana maziwa na ndizi na majirani hao hao, na tunaoana. Tuishukuru neema hiyo.

Katika miamba ya Manga kuna mahali paitwapo Engoro ya Mwaga, palipoogopwa na kuheshimiwa tangu kale. Engoro katika Ekegusii ni shimo. Engoro lilikuwa pia jina la kale la Mungu, Muumba. Jina tunaloliimba sasa, Nyasae, lilikuja na Injili kupitia kwa majirani zetu wa upande wa ziwa, ambao humwita Nyasaye. Kila kwaya ya Ekegusii inapotamka jina hilo, inatumia neno ambalo jirani alituazima.

Getembe, Bosongo, Kisii

Mji wetu una majina matatu, na kila jina lina kisa chake. Getembe ni jina la kale la mahali penyewe. Bosongo lilikuja baada ya Abasongo, yaani Wazungu, kujenga ofisi zao. Kisii ni namna wageni walivyolitamka jina la Gusii, na ndilo lililoingia kwenye ramani.

Wazee husimulia juu ya Sakawa, mwonaji wa Kitutu aliyeishi hadi miaka ya kwanza ya karne ya 20. Inasemekana aliwakusanya watu Getembe kabla Mzungu yeyote hajafika, akawaonyesha kwa kidole mahali ambapo majengo ya wageni yangesimama, na akawaambia kwamba mashujaa wangenyang'anywa mikuki. Kila mtu na alipime simulizi hilo kwa imani yake. Lenye uhakika ni kwamba kumbukumbu ya Sakawa ilibaki na nguvu kubwa kwa miaka mingi, hata baada ya makanisa kujengwa.

Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kiliingia Kitutu kwa silaha, na watu wetu wengi waliuawa. Mwaka 1907 ofisa kijana aitwaye Geoffrey Northcote alifungua kituo cha serikali hapa Getembe. Watu walimwita Nyarigoti. Mji wa Kisii, pamoja na soko lake, benki zake na msongamano wake wa matatu, ulianzia kwenye kituo hicho kidogo.

Mkuki wa Januari 1908

Katika Kitutu alikuwako mama mmoja, Moraa Ng'iti, mwonaji na mganga, ambaye hakukubali kwamba nchi imekwisha kuchukuliwa. Alikuwako pia kijana aliyekuwa karibu naye, Otenyo Nyamaterere. Mwezi wa Januari 1908, Northcote alipokuwa akiswaga ng'ombe wa wenyeji waliotwaliwa na serikali, Otenyo alimvizia njiani akamchoma mkuki.

Northcote hakufa. Alipona, akaendelea na kazi ya ukoloni katika nchi mbalimbali, na hatimaye akawa gavana wa Hong Kong. Waliokufa ni watu wetu. Askari walitumwa kuadhibu Kitutu. Nyumba zilichomwa, maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa, na mamia ya watu wakapigwa risasi. Habari zilipofika London, hata Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri katika wizara ya makoloni, aliandika kulalamika kwamba watu wasioweza kujitetea wanauawa kupita kiasi.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Simulizi za jamaa zake husema alizikwa bila kichwa, na kwamba kichwa kilipelekwa ng'ambo. Hadi leo wapo wanaoomba kirudishwe nyumbani. Tunapoisoma sura ya yubile, mahali panaposema kila mmoja arudi kwa jamaa yake, tuwakumbuke hao pia.

Nyabururu na Nyanchwa

Sasa tupige hesabu. Moshi wa 1908 ulipanda juu ya Kitutu. Mwaka 1911 wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walianza kituo Nyabururu. Mwaka 1912 Waadventista, waliokuwa wamekwisha kujenga Gendia kando ya ziwa tangu 1906, walipanda kilima cha Nyanchwa kinachoutazama mji. Kwa hiyo Habari Njema ilifika miaka mitatu au minne tu baada ya mazishi yale, ikibebwa na watu wa rangi ile ile ya ngozi na waliochoma nyumba.

Tukilifahamu hilo, hatutashangaa kwamba wazee wetu wengi walikawia. Mara nyingine tunahubiri kana kwamba walikuwa na mioyo migumu tu. Mama aliyepoteza wana wawili na ng'ombe wote alihitaji muda kabla ya kumwamini mgeni aliyemwambia habari za upendo. Wengine walivutwa na mafundisho ya Mumbo, yaliyoanzia Alego mwaka 1913 na kuingia Gusii, yakiahidi kwamba Wazungu wangeondoka, na yakachanganyika na kumbukumbu ya Sakawa. Ni katika miaka hiyo hiyo serikali iliamuru ebisarate vivunjwe na vijana wakanyang'anywa mikuki, na waliomkumbuka Sakawa waliona neno lake limetimia.

Hata hivyo wako waliopanda kilima. Vijana wachache walikwenda Nyabururu na Nyanchwa kujifunza kusoma. Na huko, pamoja na herufi, walifundishwa kuimba kwa namna mpya. Kuimba kwenyewe hakukuwa kugeni kwao. Gusii ilikuwa na obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito kama ngurumo ya mbali, na ilikuwa na nyimbo za arusi, za mavuno na za kulilia wafu. Kipya kilikuwa kugawa wimbo mmoja katika sauti nne, kila kundi likishika njia yake na wote wakifika pamoja. Wanakwaya wanaojua taabu ya kumfundisha mgeni sauti ya tatu wanaweza kuwaza walimu wale wa kwanza walivyotoka jasho.

Septemba 1914

Vituo vilikuwa bado vichanga Vita Vikuu vya Kwanza vilipolipuka Ulaya na kutufikia hapa milimani. Kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka upande wa Tanganyika ya leo. Maofisa wa Kiingereza waliuacha mji, na tarehe 11 Septemba 1914 Wajerumani wakaingia Kisii. Kesho yake askari wa King's African Rifles waliwashambulia kutoka kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Wakapigana mchana kutwa. Kapteni Thorneycroft wa upande wa Waingereza aliuawa, na wengine wengi wa pande zote mbili. Usiku ulipoingia kila upande ulirudi nyuma, kisha Wajerumani wakashika njia ya mpakani.

Mji ukabaki bila mwenyewe. Watu waliokuwa wamevumilia tangu 1905 waliona siku ya ukoloni imekwisha. Walivunja ofisi na maduka, wakapanda Nyabururu na Nyanchwa, wakachukua na kuharibu mali ya misheni. Waingereza waliporudi waliadhibu vikali. Ng'ombe wakatwaliwa tena na nyumba zikachomwa tena. Baadaye vijana wengi wa Gusii wakapelekwa kubeba mizigo ya jeshi katika kile kikosi ambacho kimetuachia jina la Kariakor, na wengi hawakurudi.

Wamisionari walirudi, na vituo vikajengwa upya. Jambo la kutafakari ni hili: makanisa yetu ya kwanza yalibomolewa na mikono ya babu zetu, na watoto na wajukuu wa mikono hiyo ndio waliokuja kubeba mawe ya kuyajenga tena. Nyabururu haikufa, wala Nyanchwa. Mwaka 1948 Walutheri kutoka Uswidi walianza kazi Itierio. Mwaka 1960 Kisii ikawa jimbo la Kanisa Katoliki, na askofu wake wa kwanza akawa Maurice Otunga, ambaye baadaye alikuwa kardinali. Makanisa mengine yakafuata, na leo Jumamosi na Jumapili ni vigumu kupata kilima kisichosikika wimbo.

Jiwe laini na mto mrefu

Vilima vyetu havikutoa kimbilio na vita peke yake. Kule Tabaka, Mugirango Kusini, ardhi huficha jiwe laini ambalo dunia nzima huliita jiwe la Kisii. Hulichimba kwa mkono. Wanaume huchonga, kina mama husugua kwa msasa na maji hadi ling'ae, kisha hutiwa rangi au nta. Liko jeupe, la waridi na la kijivu. Kutoka kwenye jiwe hilo mchongaji Elkana Ong'esa alitoa Enyamuchera, ndege ambaye Abagusii humhesabu kuwa wa heri, na sanamu hiyo ikasimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kiganja cha Mgusii kimeacha alama mbali kuliko miguu yetu wengi itakakofika.

Udongo mwekundu nao umetulisha. Miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipowaruhusu Waafrika wa sehemu chache tu kupanda kahawa kwa majaribio, Kisii ilikuwa mojawapo, pamoja na Meru na Embu. Kahawa ililipa karo, chai ikaja baadaye, na sadaka nyingi zilizojenga makanisa yetu zilitoka kwenye mashina hayo, na kwenye mkungu wa ndizi uliobebwa kichwani hadi Daraja Mbili.

Na juu ya yote ni maji. Mto Gucha, ambao majirani Waluo huuita Kuja, huanzia kwenye nyanda za juu za Kiabonyoru, Nyamira. Hushuka katikati ya Gusii ukipokea vijito vya kila bonde, huungana na mto Migori, na huingia Ziwa Victoria. Maji anayoteka mama wa Nyamira asubuhi ni maji yale yale atakayoyatumia mvuvi ziwani siku zijazo. Ziwa nalo huturudishia mvua alasiri. Hakuna aliyetia sahihi mkataba huo, lakini umetulinda tangu Abagusii waje hapa.

Shamba lipumzike

Sasa tufike kwetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi mwingine amebaki na mahali pa nyumba na mistari michache ya mboga. Vilima vinakatwa kwa ajili ya mawe ya ujenzi. Kijito cha Nyakomisaro kinachopita mjini hubeba taka zetu.

Mabondeni, mahali palipokuwa na chemchemi, tumepanda mikaratusi. Hatukufanya hivyo kwa ubaya. Mti huo hukua haraka, viwanda vya chai huununua kwa kuni, na nguzo za stima zina bei nzuri. Wengi wetu tuliomaliza shule tulisomeshwa na mti huo. Lakini mkaratusi hunywa maji mengi, na ukiupanda juu ya chemchemi, chemchemi hupungua kisha hukauka. Hapo tunabaki na fedha ya muhula mmoja, na msichana wa nyumba hiyo anatembea mbali na mtungi kwa miaka yote inayofuata.

Majina nayo yanakauka. Muulize mtoto jina la kilima kilicho mbele ya nyumba yao; atakuambia ni kile chenye mnara wa simu. Nyanya yake analijua jina, anajua nani alizikwa wapi, na anajua wimbo ulioimbwa mvua ilipochelewa. Nyanya huyo akienda, vyote hivyo vinakwenda naye, na hakuna ofisi itakayovirudisha.

Kwa hiyo katika mwaka huu wa yubile tunaleta maombi matatu mbele ya kwaya na washarika.

Kwanza, kila mwanakwaya amtembelee mzee mmoja wa kijiji chake, akiwa na daftari au simu ya kurekodi, aulize majina ya vilima, vijito na miti mikubwa, na habari za 1908 na 1914 kama jamaa hiyo inavyozisimulia. Tuandike kwa Ekegusii na kwa Kiswahili. Daftari hizo zitunzwe kanisani.

Pili, kila jamaa yenye chemchemi katika shamba lake iachilie sehemu ndogo ya kuizunguka ipumzike, kama sura ya 25 ilivyofundisha. Mikaratusi iliyo karibu na maji ikivunwa, isirudishiwe hapo. Tupande mikuyu na mianzi. Mikaratusi ibaki juu, kwenye sehemu kavu, mahali ambapo haimdhuru mtu. Kwa jamaa ambayo mti huo ndio karo yake, washarika tusaidiane kununua miche, ili mzigo usimwangukie mwenye shamba dogo.

Tatu, tunapoalikwa kuimba Manga, Nyamira, Tabaka au kwingineko, tusiende tu kuimba na kula. Tumwombe mwenyeji atuonyeshe mahali, atueleze kilichotokea hapo, kisha ndipo tuimbe.

Zaburi ya 121, ambayo kila kwaya hapa nchini imeiimba kwa namna moja au nyingine, inaanza na mtu anayeyainua macho kuitazama milima. Sisi hatuhitaji safari kuitazama. Tukifungua mlango iko hapo. Waliokuwa juu yake kabla yetu walikimbilia humo, wakapigana humo, wakalia humo, na hatimaye wakajifunza humo sauti nne za wimbo mmoja. Bwana atupe moyo wa kuitunza, ili watakaosherehekea yubile ijayo wakute kilima kikiwa na jina lake, na chini yake maji.

Mungu aibariki kwaya yetu, na Gusii yote.